Ngozi Nyeusi, Gi Nyeupe: Kupanga Flashi kwa Picha za Wanajudo na Wanakarate

Mpige picha mwanajudo mweusi aliyevaa gi nyeupe, lile vazi la judo na karate, kwa flashi iliyokaa juu ya kamera, na utapata kasoro mbili kwa mpigo mmoja. Gi imeungua, haionyeshi mkunjo wala mshono. Uso una nukta tatu kali za weupe, kwenye paji, pua na shavu, na kati yake ni giza lisilo na umbo. Ukipunguza nguvu ya flashi uiokoe gi, uso unazama. Ukiongeza uuokoe uso, gi inageuka karatasi.

Sababu ni kwamba vitu hivi viwili havirudishi mwanga kwa namna moja. Pamba ya gi huutawanya kila upande, kama ukuta uliopakwa chokaa. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia ndani yake, na kinachobaki cha kuchora mfupa wa shavu na msuli wa bega ni ule mng'ao wa juu, kama wa meza ya mninga iliyopigwa msasa na vanishi. Mng'ao huo unafuata kanuni ya kioo: mwanga huondoka kwa pembe ile ile ulioingilia. Kwa hiyo ukiwa mbele ya ngozi nyeusi, jiulize kwanza inaakisi nini kuelekea lenzi yako, kabla ya kuuliza mwanga ni mwingi kiasi gani. Taa ndogo huakisiwa kama nukta. Taa pana huakisiwa kama utepe laini unaofuata umbo la msuli. Karibu kila uamuzi ulio hapa chini unatokana na jambo hilo.

Ukumbi kwanza

Dojo nyingi za Nairobi, yaani sehemu za mazoezi ya judo na karate, ziko kwenye kumbi za jamii, za kanisa au za shule: mabati juu, shiti chache za plastiki za kupitisha mwanga, taa za tyubu, na mlango unaofunguka moja kwa moja juani. Anza bila flashi. Weka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata, yaani mlango wa mwanga, 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, kisha piga. Picha inatakiwa itoke nyeusi. Mwanga wa tyubu hautaonekana kwa vipimo hivyo, kwa hiyo ziache zinawaka, maana kamera inazihitaji ili ilenge jicho. Ukiona kijivu, kuna dirisha au mlango unakuingilia. Ziba. Mapazia mazito ya mtumba kutoka soko la Gikomba yanaifanya kazi hiyo vizuri kuliko vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina la studio.

Usikimbilie kupandisha kasi ya shata. Kamera nyingi huoana na flashi hadi 1/200 au 1/250 tu. Ukivuka hapo, pazia la pili la shata huanza kufunga kabla la kwanza halijafunguka lote, na sehemu ya picha inabaki na utepe mweusi. Ile hali ya flashi ya kasi ya juu huondoa utepe huo kwa kupiga mimweko midogo mfululizo, lakini inakula stopu 2 au zaidi za mwanga. (Stopu moja ni mwanga kuzidi mara mbili, au kupungua kwa nusu.) Ndani ya ukumbi uliozibwa huna haja nayo. Faida nyingine ya kuua mwanga wa ukumbi ni kwamba stima ikipotea, flashi ya betri inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tochi moja ya kulengea inatosha.

Taa kuu, na ugomvi wa uso na kifua

Ninayoitegemea ni softboksi (kisanduku cha kitambaa kinachovishwa flashi kulainisha mwanga) ya pembe nane yenye upana wa sm 90 na vitambaa viwili vya kulainisha, ikiwa mita 1 kutoka usoni na katikati yake sm 30 hivi juu ya usawa wa macho. Mgeuze mwanamichezo kidogo asiikabili kamera moja kwa moja. Taa ikae upande ule pua inakoelekea, ili shavu lililo karibu na kamera libaki kivulini. Hapo ndipo picha inapopata uzito wake. Taa ikihamia upande wa kamera, uso unakuwa bapa na picha inafanana na ya kitambulisho.

Tumia nguvu ya kuweka kwa mkono. Flashi ikiachiwa ijipimie, itaiona gi nyeupe ipunguze, iuone usuli mweusi iongeze, na hakuna picha mbili zitakazolingana. Kwa f/8 na ISO 100, spidilaiti (flashi ndogo ya betri) ndani ya softboksi hiyo itahitaji kati ya 1/4 na 1/2 ya nguvu zake. Taa ya Ws 200 (wati-sekunde, yaani nishati ya mmweko mmoja) itatosheka na 1/16 au 1/8.

Wengi huirudisha taa nyuma hadi mita 2 "ili ikae salama", na hapo wanapoteza mambo matatu. Usoni mwanga unashuka hadi robo. Taa yenyewe inaonekana ndogo machoni pa ngozi, kwa hiyo utepe wa mng'ao unasinyaa kurudi kuwa nukta. La tatu hutokea kwenye gi na ukutani. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni, na mkanda wa kiunoni uko mita 1.6 kutoka kwenye taa hiyo, mkanda unapata chini ya nusu ya mwanga wa uso, yaani gi inaanza kujitia giza yenyewe kadiri inavyoshuka. Ukuta ulio mita 4 kutoka kwenye taa unapata 1/16. Irudishe taa nyuma hadi mita 2, na faida zote hizo zinayeyuka. Rangi ya mafuta ya ukuta wa ukumbi, ile ya krimu juu na buluu chini, inajitokeza nyuma ya kichwa cha mtu.

Kifua bado kitapata mwanga mwingi, kwa sababu gi haisamehe. Igeuze softboksi kidogo kuelekea juu, kiasi kwamba kitovu cha mwanga kinapita mbele ya kichwa na kifua kinaguswa na ukingo tu. Halafu chukua kadi nyeusi ya sm 50 kwa 70 na uishike chini ya softboksi, kati ya taa na kifua. Ikiwa karibu na taa, kivuli chake kwenye gi kinakuwa laini na hakuna atakayejua kilipo. Ikisogea karibu na gi, utaona mstari. Ishushe na kuipandisha hadi gi ipungue stopu 1 hivi huku uso haujaguswa.

Mpangilio wa kupima una maana hapa. Washa onyo la kuungua kwenye kioo cha kamera. Ongeza nguvu ya flashi mpaka bega la gi lianze kumetameta, kisha punguza kwa theluthi ya stopu hadi litulie. Sasa ndiyo utazame uso. Ukiwa na giza, usiongeze nguvu. Isogeze taa karibu na uso kwa sm 20 zaidi na urudi kwenye ile kadi. Kuuacha uso gizani kwa ahadi ya kuuinua kwenye kompyuta ni kosa ninalolichukia, kwa sababu chembechembe hujaa kwenye vivuli, na rangi ya ngozi, ambayo ina wekundu na udhahabu wake, inatoka ya kijivu kama majivu. Mtu hastahili kurudishiwa uso wa namna hiyo.

Kuna zawadi moja ambayo gi nyeupe inaitoa: kola na kifua chake hurudisha mwanga chini ya kidevu. Mng'ao mdogo kwenye ukingo wa taya hutoka hapo, bila taa ya kujaza. Ukikibana kifua kwa kadi kupita kiasi, taya linapotea. Ndiyo maana nasema stopu 1, si 3.

Akiinamisha kidevu kama mtu aliye tayari kupigana, nyusi hufunika macho. Ishushe taa karibu na usawa wa macho hadi uone cheche ya mwanga ndani ya mboni zote mbili. Macho yasiyo na cheche humfanya mpiganaji aonekane amechoka.

Taa za nyuma

Mbili, moja kila upande, nyuma ya mwanamichezo kwa mshazari, mita 1.5 hadi 2 kutoka kwake. Softboksi nyembamba za sm 30 kwa 120 zenye gridi (wavu unaozuia mwanga kutawanyika) ndizo bora, kwa kuwa urefu wake huakisiwa kama mstari mmoja kutoka shingoni hadi kwenye kiganja. Mwanga unaopita kwa kukwaruza ngozi huakisiwa kwa ukali sana, kwa hiyo anza stopu 1 chini ya taa kuu. Hukumu kwa bega la gi, wala si kwa mkono, maana bega ndilo litakaloungua kwanza. Kwa judo mwanga huo wa kukwaruza ni baraka maalumu: kile kitambaa kizito kilichofumwa kwa punje punje za mchele kinaonekana punje kwa punje. Gi ya karate ni nyororo zaidi, na kwake utapata makali ya mikunjo.

Huna softboksi nyembamba? Spidilaiti tupu iliyovutwa hadi zumu ya mm 105 au 200, imezungushiwa bomba la katoni iliyopakwa nyeusi ndani, inachora ukingo mkali unaowafaa mabondia na wapiganaji wa kikiboksi walio vifua wazi.

Ukungu mweupe ukitanda kwenye picha, taa ya nyuma inaingia kwenye lenzi. Simama kamera ilipo na uitazame: ukiuona uso wa taa, lenzi pia inauona. Igeuze au weka kadi nyeusi katikati.

Kwa usuli, nunua mahameli nyeusi kwenye maduka ya vitambaa ya Biashara Street au Eastleigh. Pamba nyeusi ya kawaida hugeuka kijivu ikipigwa na mwanga wa pembeni. Iwe angalau mita 2 nyuma ya mtu.

Teke hewani

Hapa si shata inayosimamisha mguu. Ukumbi ni giza, kwa hiyo picha inaandikwa na urefu wa mmweko wenyewe. Mguu unaokwenda mita 10 kwa sekunde husogea sm 4 ndani ya 1/250 ya sekunde, lakini mm 4 tu ndani ya 1/2500. Spidilaiti hufupisha mmweko kila unapopunguza nguvu, na kwenye 1/16 ya nguvu au chini yake teke hutulia kabisa. Tahadhari na baadhi ya taa kubwa za studio za zamani, ambazo hufanya kinyume: ukipunguza nguvu, mmweko unarefuka. Soma kijitabu cha taa yako. Ile hali ya kasi ya juu haisaidii pia, kwa sababu mimweko yake mfululizo hufanya kazi kama taa inayowaka muda wote.

Kwa teke taa haiwezi kukaa mita 1. Irudishe mita 2 hadi 2.5, na ili isiwe nukta tena, badilisha softboksi kwa mwamvuli wa sm 150 au zaidi. Pandisha ISO hadi 400 badala ya kuongeza nguvu ya flashi, na hizo ni stopu 2 za bure. Betri ziwe za kuchajiwa za NiMH, nne kwa kila spidilaiti na nne za akiba. Za alkalini huchelewa kujaza flashi baada ya muda mfupi, na teke la saba linatoka jeusi.

Tatami, mikeka ya mazoezi, ni laini. Miguu ya stendi huzama na mlingoti unainama polepole bila wewe kuona. Weka kipande cha mbao chini yake na mfuko wa mchanga wa kilo 5 juu ya mguu mmoja. Fundi yeyote wa nguo atakushonea kutoka mguu wa jinzi kuukuu. Na viatu vyako vibaki nje ya tatami.

Ngozi na vazi

Nyayo, viwiko na konzi za mtu anayefanya mazoezi pekupeku hupauka, na flashi huuonyesha mpauko huo mweupe zaidi kuliko macho yanavyouona. Tone la mafuta lipakwe hapo tu, likasuguliwe hadi liishe. Paji na pua zifutwe kwa taulo kavu. Jasho la kutengeneza ni glisarini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kunyunyizia, kutoka umbali wa mkono mmoja. Ifunike gi kwa taulo kwanza, weka jingine sakafuni kwa sababu tatami iliyoloa huteleza, na uache picha za jasho ziwe za mwisho.

Kabla ya kila seti tazama kola. Upande wa kushoto wa gi hulala juu ya ule wa kulia, kwa wanaume na wanawake. Kinyume chake, katika desturi ya Japani, ndivyo anavyovishwa maiti. Kwa hiyo usigeuze picha kushoto-kulia kwenye kompyuta hata kama muundo wake unapendeza zaidi hivyo. Ukitaka mwanga utoke upande wa pili, hamisha stendi.