Jinsi Nilivyopanda Jukwaani na Gwiji wa Mbio za Milimani Bila Kumezwa

Mimi sikimbii. Nilizaliwa Mombasa, na mlima niliouzoea ni ule mteremko wa kushukia feri ya Likoni. Lakini naishi Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na huku Mkenya akisimama mbele ya watu, ukumbi mzima unamwangalia miguu.

Nilijikuta jukwaani kwa sababu vijana wa uokoaji waliniteremsha mlimani kwa machela, kifundo cha mguu kimevunjika. Vikosi hivi ni vya watu wa kujitolea na vinaishi kwa michango. Walipoomba nikasimulie kwenye mikutano ya harambee, ningekataaje? Kumbe mwenzangu jukwaani ni mzee mmoja gwiji wa mbio za milimani. Jina lake silitaji, hapendi.

Ili uelewe uzito wake: huku kulikuwa na Joss Naylor, aliyefariki mwaka 2024, mchungaji wa kondoo wa bonde la Wasdale, aliyepita vilele 72 ndani ya saa 24 mwaka 1975, na alipofika umri wa miaka 70 akapita vilele 70. Watu wa namna hiyo wakiingia ukumbini, hata waliokalia viti vya mbele wanasimama. Mzee wangu ni wa kundi hilo.

Sasa, bwana mmoja anayejiita mtaalamu wa kuhutubia alinishauri nizungumze baada ya gwiji, "ili watu wabaki wakikusubiri." Wabaki! Mzee alisema maneno yake machache, akapigiwa makofi, akashuka, na ukumbi wote ukamfuata kwenye meza ya chai. Nilibaki na picha zangu za ukutani, bibi mmoja aliyesinzia na mbwa wake. Nilihutubia mbwa. Alikuwa msikivu, lakini hakuchanga kitu.

Tangu hapo natangulia mimi, dakika kumi hivi, na kichekesho cha miguu nakitoa mwanzo kabisa ili wakimalize.

Shida ya pili ilikuwa mzee mwenyewe. Hana maneno. Ukimuuliza zile mbio za Bob Graham zikoje, vilele 42 kutoka Keswick na kurudi Keswick ndani ya saa 24, anajibu, "Ndefu." Basi. Watu wamelipa kiingilio!

Nilichofanya, na hapa nitajisifu kidogo, ni kuleta ramani. Ile kubwa ya karatasi, naitandika mezani chini ya kamera inayorusha picha ukutani. Kisha namuuliza: "Mzee, kutoka kilele cha Yewbarrow mpaka kile cha Great Gable, wewe ungepitia wapi?" Kidole kikashuka kwenye karatasi. Kidole chenyewe kimepinda, ukucha mweusi, na ukutani kinaonekana kikubwa kama mtumbwi. Kikaanza kutembea, na mdomo ukakifuata: hapa mawe yanateleza, hapa shuka kwa makalio kama una haraka, hapa ukungu ukikukuta shika dira na usiamini macho. Mbio nyingi za huku hazina njia iliyochorwa. Kila mtu anatafuta yake, ndiyo maana mkimbiaji analazimishwa kubeba ramani, dira na filimbi. Mzee hakuacha mpaka mwenye ukumbi alipoanza kuzima taa.

Usimwandikie gwiji hotuba. Na usimuulize alijisikiaje. Wazee wa huku swali hilo linawafunga mdomo kabisa. Muulize njia.

Ndoo ya michango ipite wakati kidole bado kiko kwenye ramani. Ukisubiri mwisho, wenye kondoo wameshaondoka, na hao ndio wanaotoa noti. Siku nzuri tulipata pauni mia kadhaa, siku ya mvua chini ya hapo. Ukumbi omba bure, chai mwachie mama wa kanisa, na mafuta ya gari kubalianeni mapema, kwa sababu mzee anakaa mwisho wa bonde na hataki kurudishwa na mtu mwingine.