Thomson tulimtamka, Muthoni mnashindwa aje?

Leo hapa Glasgow, kwa kazi yangu ya kuangalia wazee, nimepewa beji mpya imeandikwa "Toni". Sikuulizwa. Meneja anasema ati jina langu linawasumbua wazee. Muthoni, silabi tatu! Niko kwa basi naandika hii na bado nina hasira.

Mimi ni mtu wa Nyahururu. Kwetu kuna wazee mpaka leo wakienda mjini wanasema wanaenda Thomson's Falls, na sijasikia hata mmoja akisema hilo jina ni gumu tulikate. Maporomoko ya mita 74 yanabeba jina la Joseph Thomson, kijana msafiri wa Penpont huku kusini mwa Scotland, aliyepita kwetu 1883. Hata swala wa mbugani tukamwita tomi, na tunamwita hivyo bila shida.

Na huku sasa akina Thomson wamejaa kila kona. Hapa Glasgow kuna William Thomson, ndiye huyo Lord Kelvin wa vipimo vya joto, alianza kuwa profesa wa chuo kikuu 1846 akiwa na miaka 22 na sanamu yake iko Kelvingrove. Dundee kuna kampuni ya magazeti ya DC Thomson. Stonehaven alizaliwa Robert William Thomson, aliyesajili tairi la upepo 1845, Dunlop akaja na lake 1888 na Dunlop ndiye anatajwa kwa kila duka la tairi. Huyo namhurumia kweli, maana najua mwingine kama yeye.

Anaitwa Chuma. Safari ya kwanza ya yule Joseph Thomson wa maporomoko, 1879, mkubwa wake Keith Johnston alikufa njiani Behobeho, Tanzania ya leo, Thomson akabaki na msafara mzima akiwa na miaka 21 tu. Aliyeongoza wapagazi ni Chuma, Myao, yule yule aliyekuwa kati ya waliobeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Njia anaijua, lugha anazijua, watu wanamsikiza, wakafika mpaka Ziwa Tanganyika. Haya, nionyesheni mnyama au maporomoko yanayoitwa Chuma.

Nisiseme wote ni wabaya. Kuna mzee namhudumia, naye ni Thomson, aliniuliza jina akalirudia rudia mpaka chai ikapoa, na sasa analitamka kama mtu wa Nyeri, Mungu ambariki. Kwa hivyo hiyo habari ya kusumbua wazee siikubali.

Wenye mnapanga kuja, jina la pasipoti liwe lile lile kwa mkataba, benki na payslip, herufi kwa herufi, usikubali kifupi kwa karatasi yoyote kwa sababu ya kuona haya, kurekebisha baadaye ni mateso na mshahara unakwama. Na wakala akikuitisha bei ya ploti ati atakutolea viza ya kuangalia wazee, jueni waajiri wa kazi hiyo huku walizuiwa kuchukua watu wapya kutoka nje tangu Julai 2025. Shikilia pesa yako.