Sifa hazinunui chuma: nilivyochagua mashine ya kutengeneza

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Moshi, na mawazo sijawahi kukosa. Kikaushio cha matunda cha jua, mbuzi ya umeme ya kukunia nazi, mashine ya kutotolesha vifaranga, mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Yote naweza kuyaunda. Hela ya chuma ilitosha moja.

Washauri walijaa. Mmoja, mwenye tai, alishikilia nikasajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa wakala wa usajili BRELA kabla sijawasha mashine. Hataza ya nini? Hutolewa kwa kitu kipya, na vikata majani vilikuwepo kabla babu yangu hajazaliwa. Mwingine akaniambia nifuate moyo. Moyo ulikuwa kwenye kikaushio, nikakipeleka kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Themi kule Arusha.

Jamani, nilisifiwa! Watu walipiga picha, wakazimaliza ndizi kavu zote za kuonjesha, na kiongozi mmoja akanishika mkono akasema taifa linanitegemea. Nikarudi na namba za simu kibao. Kila niliyempigia: "Fundi, tutawasiliana." Mwisho kikaushio nikampa jirani akitumie. Kupita siku moja nakuta trei zimeegeshwa ukutani na ndani vifaranga wanalia. "Kina joto zuri fundi, halafu paka haingii," akasema, tena kwa shukrani. Sikumlaumu. Hata M-Pesa, ilipokuwa ikijaribiwa Kenya kabla ya 2007, ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo, watu wakaigeuza ya kutumiana hela.

Ndipo nikaja na ujanja wangu, na huu najivunia. Wafugaji wa huku mlimani hufungia ng'ombe bandani, na asubuhi wote wapo kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Nikaenda na mfano wa mashine ya kukata majani: pipa lenye visu juu ya fremu ya mbao, halina hata mota, nazungusha kwa mkono. Bei nimeiandika ubavuni kwa chaki, laki nne na ushee. Nikalisha mabua ya mahindi, yakatoka vipande ambavyo ng'ombe hawezi kuchagua jani akaacha bua.

Waliosema "hongera fundi" niliwaitikia tu. Aliyeuliza "visu vikiisha makali nani atanolea?" huyo nilimvutia kreti akae. Kisha nikasema: anayeitaka atangulize elfu hamsini. Wengi walikumbuka ghafla wana haraka. Ila mama mmoja alifungua kanga akahesabu hela ya maziwa palepale, mzee mwingine akanitumia kwa simu, na gari la maziwa linaondoka nina hela ya kununulia chuma.

Maswali yao ndiyo yaliyoichora mashine. Visu ni vya springi za gari, vimefungwa kwa bolti ili mwenyewe avitoe anoe. Beringi ni 6205, duka lolote la vipuri wanayo. Mdomo wa kulishia ni mrefu kuliko mkono wa mtu, maana kila mama aliulizia vidole vya watoto.

Mbuzi ya umeme haikufika mbali, maana walaji wa nazi wenyewe wako Tanga. Ya vifaranga niliiacha kwa hofu: nyuzi 37.5 kwa siku 21, umeme ukikatika usiku mayai yote yanakuwa kesi yangu.

Juzi vijana wangu wameleta mchoro wa mashine ya kumenyea kahawa, mzuri kweli. Nimewapa nauli ya Machame kwa wakulima wa kahawa, na daftari la kuandikia waliotanguliza.