Staringi na Wale Elfu Saba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi umeme ulirudi saa mbili usiku, na mtoto wa kaka yangu akawahi kuchomeka flashi kabla sijadai taarifa ya habari. Ilikuwa I Am Legend ya mwaka 2007, iliyotafsiriwa na DJ mmoja mwenye sauti ya kukwaruza anayeongeza na maneno yake. Virusi vimemaliza watu, New York imeota majani hadi barabarani, amebaki Will Smith na mbwa wake. "Usiogope shangazi, staringi hafi," kijana akanituliza. (Hilo mkaangalie wenyewe.)

Jamaa ana nidhamu, nilimpenda. Anafanya mazoezi, ana akiba ya vyakula, na kila siku saa sita mchana yuko bandarini anangoja, maana ametangaza redioni kwamba aliye hai aje, hayuko peke yake. Halafu kuna duka alilopanga midoli ya kuvalisha nguo, anaingia anaisalimia, anapiga nayo soga. Kijana alicheka. Mimi nilikaa kimya. Mwaka jana belo mbili za mitumba zilipotoka mbovu mfululizo, pale sokoni Memorial ninapouza, na marejesho ya mkopo wa kikundi yakanishinda, mtu pekee niliyekuwa nikiongea naye wiki nzima ni mdoli wangu wa magauni. Watu niliwakimbia. Simu nilizima.

Sasa sikieni. Siku moja wanatokea mwanamke na mtoto, redio waliisikia. Asubuhi wanamkaangia mayai na nyama, naye anavurumisha sahani ukutani, eti ile nyama alikuwa anaitunza. Anaambiwa kuna kambi ya walionusurika huko Vermont, anakataa katakata. Miaka mitatu! Kila siku yuko bandarini akingoja watu, na watu walipofika akashindwa kuwapokea.

Nikamkumbuka Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali pale Karmeli, malkia Yezebeli anatuma neno moja tu la vitisho, nabii huyo mbio. Hata mtumishi wake anamwacha Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Kisha anamwambia Mungu, mara mbili, kwamba amesalia yeye tu. Lakini rudini sura ya 18 mstari wa 13: Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme, alikuwa ameshamwambia kwamba aliwaficha manabii mia mapangoni, hamsini hamsini, akiwalisha mkate na maji. Eliya alijua! Akiwa amechoka, alichokijua hakikumsaidia kitu.

Na Mungu hakuanza na mahubiri, mimi hapo ndipo ninapopapenda. Alianza na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, inuka ule, safari ni ndefu. Habari za wale elfu saba wasiompigia Baali goti zilikuja baadaye sana, kule Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea.

Kwangu alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Majengo, na hotpoti ya mtori. Hakuniuliza deni ni shilingi ngapi, wala mbona sionekani ibadani. Alifungua mfuniko, akatafuta kijiko mwenyewe jikoni, akasema, "Kula kwanza, mwanangu, unapoa." Nikala huku nimenuna. Keshokutwa yake akarudi na mwingine, safari hii wenye nyama zaidi, na ndipo nilipolia.

Hotpoti yake ya pili ninayo hadi leo, na mnajua chombo cha watu hakirudi kitupu. Mama yangu ameniletea mkungu wa ndizi kutoka Kibosho juzi. Jumatano jumuiya ni kwa yule mama wa mtori, saa kumi na moja jioni. Ninakwenda nayo.