Pweza, dagaa na supu ya Hanoi: kula Kivietinamu na Kijapani kwa soko la Mtwara

Mgahawa unaochanganya chakula cha Vietnam na cha Japani ukifunguliwa Mtwara, usiagize jodari mbichi kwanza. Agiza pweza. Jodari anapendeza kwenye picha, lakini kumla mbichi kunategemea barafu kuliko mkono wa mpishi, na barafu ndiyo tatizo letu la pwani.

Jodari, vibua na samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Ikishaingia haitoki: si kwa kukaanga, si kwa kuchemsha, si kwa kugandisha. Mlaji husikia ulimi unawasha kama amekula pilipili, uso unapata moto, kichwa kinagonga, wakati mwingine tumbo linaharibika, na yote hayo huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Wengi huamua kwamba samaki huwadhuru tangu kuzaliwa, kumbe waliuziwa samaki aliyepigwa jua. Kwa hiyo mhudumu muulize swali moja tu: huyu amewekewa barafu ndani ya boti au baada ya kufika nchi kavu? Kuhusu minyoo, kipimo kinachotumika kwa samaki wa kuliwa mbichi ni kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa haishiki baridi hiyo, kwa hiyo jodari wa nyumbani achomwe aive mpaka katikati, kisha akatwe vipande akishapoa.

Pweza hana shida hiyo ya kuliwa mbichi, kwa sababu hata Wajapani, kwenye sushi, kwa kawaida huweka pweza aliyekwisha kuchemshwa. Na huku kwetu, siku za bamvua, akina mama wanaopita mwambani na vijiti wanarudi naye akiwa bado anajikunja. Chukua wa kilo 1. Geuza kichwa nje ndani, toa matumbo, bonyeza mdomo utoke katikati ya minyiri. Msugue kwa chumvi, kiganja kizima, mpaka ute ugeuke povu la kijivu, suuza, rudia. Kama hakupigwa mwambani, mgandishe usiku mmoja: barafu hupasua nyuzi za nyama na kufanya kazi ileile ya jiwe. Maji yakichemka, chovya minyiri mara tatu ijikunje vizuri, ndipo umzamishe wote. Punguza moto, maji yatikisike tu, dakika 40 hadi 60. Usitie chumvi, ana ya kwake. Kijiti cha meno kikipita bila kusukumwa kwenye unene wa mnyiri, zima moto umwache apoe humohumo. Ukimtoa wa moto, ngozi ile nyekundu inabanduka yote na anabaki na sura ya kuku aliyenyonyolewa. Kisu kilazwe, kila kipande unene wa milimita 3 au 4.

Supu ndipo wapishi wengi wanapokosea. Phở, supu ya tambi ya Vietnam, inataka mifupa ya ng'ombe kwa saa nyingi. Dashi ya Japani, mchuzi mwepesi ambao hapa tunaupika kwa dagaa, haitaki hata nusu saa motoni. Ukiziweka sufuria moja, dagaa wanatoa uchungu kabla mifupa haijasema kitu. Pika kila moja peke yake, uchanganye mwishoni.

Ya mifupa: kilo 1 na nusu ichemshwe dakika 10, mwaga maji hayo yenye uchafu, osha mifupa, anza upya na lita 4. Choma kitunguu maji kimoja kikubwa na tangawizi ya gramu 60 juu ya mkaa mpaka maganda yaungue, menya palipoungua. Kaanga bila mafuta kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 3 na anisi ile ya umbo la nyota, 2 zinatosha. Karafuu ya nne utaisikia, ya sita itafunika kila kitu. Vyote viingie kwenye mifupa, saa 4 za moto mdogo, bila kufunika kabisa.

Ya dagaa: Wajapani wana dashi ya samaki wadogo waliokaushwa, wanaiita niboshi, na dagaa wetu wa baharini wanaifanya vizuri. Chagua waliokaushwa juu ya chanja. Wa mchangani wanaleta changarawe chini ya bakuli, na hakuna chujio la kuitoa yote. Tumbo lililopasuka na kuwa la njano ni mafuta yaliyochacha, waache. Vunja vichwa, toa matumbo meusi, hapo ndipo penye uchungu. Gramu 25 kwa lita 1 ya maji, waloweke nusu saa. Ukitaka usiku kucha, iwe ndani ya friji, kwa joto la hapa maji yanachacha. Pasha polepole, dakika 10 tangu yaanze kutikisika, engua povu, chuja, usikamue.

Kombu, mwani mkavu ambao Wajapani hutia kwenye dashi, haipo sokoni, na mwani unaolimwa huku hauwezi kushika nafasi yake: unavimba na kutoa ute, ladha haba. Kinachotafutwa kwenye kombu ni glutamati, ambayo profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitambua mwaka 1908 kuwa ndiyo inayotia ladha nono kwenye dashi. Glutamati ikikutana na inosinati, kiini cha ladha kilichomo kwenye samaki mkavu, ladha huongezeka kuliko jumla ya hizo mbili. Nyanya mbivu nayo ina glutamati. Choma moja, itupe kwenye sufuria ya dagaa dakika 5 za mwisho. Changanya supu ya mifupa sehemu 2 kwa dagaa sehemu 1, onja, ndipo utie sosi ya samaki, vijiko 2 vya chakula kwa lita, ukionja kila kijiko. Dagaa wengine wamechemshwa na chumvi tayari.

Tambi za mchele zilowekwe kwenye maji ya kawaida nusu saa, kisha zipite kwenye maji ya moto sekunde 20 tu. Zinaendelea kuiva ndani ya bakuli. Juu weka pweza, mrehani, giligilani, kipande cha ndimu. Mrehani wetu una harufu ya karafuu kidogo na unakaa vizuri na supu hii. Usiupike, uchane kwa mkono mezani.

Sosi ya kuchovya ndiyo inayounganisha nchi mbili. Kosa ni kutia sosi ya samaki na sosi ya soya kila moja kwa kipimo chake kamili, chumvi ikawa mara mbili. Gawa: kijiko 1 cha samaki, kijiko 1 cha soya, vijiko 2 vya ndimu, 2 vya sukari, 6 vya maji ya vuguvugu. Sukari iyeyuke kwanza. Kitunguu saumu na pilipili vikatwe vidogo, viingie mwisho kabisa, vielee juu.

Mahali pa karanga za kunyunyiza juu weka korosho zilizokaangwa na kupondwa nusunusu. Hapa hakuna ugeni wowote: Vietnam inanunua korosho ghafi za Afrika, zetu zikiwemo, inazibangua na kuziuza duniani. Zikaange uangalie rangi, maana korosho huendelea kuiva hata ukishazitoa motoni. Zitoe zikiwa na rangi ya mchanga mkavu.

Kama pweza amebaki, mviringe kwenye bánh tráng, zile karatasi za mchele. Chovya sekunde 3 hadi 5, itoe ikiwa bado ngumu kidogo, italainika ubaoni wakati unapanga. Ukingoja ilainike ndani ya maji itachanika mkononi. Nanaa na pweza viwe chini, ili vionekane ukishageuza. Zisigusane kwenye sahani, zinanata. Friji huzifanya ngumu kama plastiki, kwa hiyo zifunike kwa kitambaa kibichi, na ziliwe ndani ya saa moja.