Siku moja kazini Wete: laini ikikatika, kazi isipotee

Saa 1:30 asubuhi. Nahudumia seva za maduka ya jumla. Seva ziko Unguja mjini, mimi niko Wete, Pemba, na njia yangu ni modemu ya kuchomeka yenye laini ya simu. Nikishaingia kwa SSH, njia salama ya kuendesha seva kwa mbali, amri ya mwanzo ni tmux, programu inayoiweka kazi hai kwenye seva hata laini yangu ikikatika. Sigusi kazi yoyote nje yake.

Saa 3. Nahamisha hesabu za stoo kwenda kwenye programu mpya. Kazi ndefu hii.

Saa 4 kasorobo. Skrini imeganda, naandika na herufi hazitokei. Hapa wengi hukimbilia kuanza upya, na ndipo hesabu zinapoingia mara mbili. Modemu ikirudi hewani mara nyingi hupewa anwani nyingine ya mtandao (IP), na muunganisho wa kale haufufuki. Nabonyeza Enter, kisha ~ na nukta, SSH inajifunga upande wangu. Seva yenyewe bado haijui kama nimetoka. Linux, mfumo unaoendesha seva, ikiwa haina cha kunitumia, kwa kawaida hukaa kimya saa 2 nzima kabla ya kuuliza kama nipo. Ikija kugundua, huipelekea kazi ishara namba 1, HUP, yaani laini imekatika, na kazi isiyo ndani ya tmux hufia njiani.

Mhasibu anapiga simu kutoka Mkoani, hapa hapa Pemba.

"Mwanangu, mbona kimya? Nianze tena?"

"Shikamoo, mama. Usibonyeze kitu, tafadhali. Kazi inakwenda."

Naingia tena, naandika who, amri ya kuona nani yumo kwenye seva. Nimo kwa anwani ya zamani, nimo na kwa mpya. Naandika tmux attach -d, kurudi kwenye kazi yangu; njia ile ya zamani inang'olewa, na mistari naikuta mbali sana na nilipoiacha. Haikusimama hata kidogo.

Saa 6:30. Sala, chakula.

Saa 8. Kwenye seva naweka ClientAliveInterval 60 na ClientAliveCountMax 3, yaani iulize kila sekunde 60, ikikosa jibu mara 3 ifunge. Wako wanaoweka sekunde 10. Kwa mtandao wetu siafiki: laini ikizubaa nusu dakika tu, modemu haijaacha anwani yake, mtu keshafukuzwa bure.

Saa 10. Mhasibu kahakiki unga, mchele na mafuta, vyote sawa. Naanzisha bekapu, nabonyeza Ctrl-b kisha d, kutoka tmux bila kuizima, nachomoa modemu. Mwenzangu wa zamu ya usiku ataishika humo humo.