Nyota Haikuzimika

Nilifika uwanjani saa nne usiku. Nyota niliyoifuata ilitarajiwa kufichwa saa nane na dakika chache, na kwa jicho tupu haikuonekana kabisa: ilikuwa hafifu mara zaidi ya elfu moja kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho la mtu linaweza kuiokota. Nilikaa karibu saa nzima nikilinganisha ramani na picha ya kamera, pembetatu moja ya nyota baada ya nyingine, mpaka nikaikuta ile nukta mahali pake.

Gimba lililokuwa likija kupita mbele yake halina jina. Lina mwaka wa kugunduliwa, herufi mbili na tarakimu, basi. Linalizunguka Jua ng'ambo ya Neptuni, zaidi ya kilomita bilioni 6 kutoka hapa, na upana wake ulikisiwa kuwa kama kilomita 300. Kuupima upana huo kwa kulitazama lenyewe ni sawa na kuipima sarafu iliyo kilomita 400 mbele yako. Ndiyo maana tunavizia nyota. Nyota iko mbali mno hata miale yake hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli cha gimba kikipita juu ya Dunia huwa na upana uleule wa gimba lenyewe. Usiku ule kivuli kilikuwa kinakwenda kilomita 25 kwa sekunde. Hesabu sekunde ambazo nyota imezimika, zidisha, umepata urefu wa mstari mmoja uliolikata gimba toka upande hadi upande. Tangu nilipoelewa jambo hilo sijaacha kulistaajabia.

Tulikuwa sita, tumetawanyika kuikata njia ya kivuli, kila mmoja makumi ya kilomita kutoka kwa mwenzake. Mimi nilipewa ukingo wa kaskazini. Setilaiti ya Gaia imetupa mahali pa nyota kwa usahihi wa ajabu, lakini njia ya gimba lenyewe haijulikani vizuri kiasi hicho, na kivuli kingeweza kusogea upande wowote.

Nilianza kurekodi dakika kumi kabla. Mwaka 1977 watazamaji waliokuwa wakisubiri Uranusi iifiche nyota waliona nyota ikififia mara kadhaa kabla ya wakati wake, kisha tena baadaye. Ndivyo pete za Uranusi zilivyogunduliwa. Mwaka 2013 ikawa hivyo kwa Chariklo, kigimba cha upana wa kilomita 250 hivi. Anayewasha kamera kwa kuchelewa anaweza kuzikosa pete.

Umande ukaanza kutanda kwenye lenzi ya mbele. Nikawa naupepea kwa kipande cha kadibodi, polepole, nikiogopa hata kuigusa darubini. Sekunde zikasogea. Nikaibana pumzi. Nyota ilitetemeka, ikapungua kidogo, moyo ukaniruka; ilikuwa hewa tu. Wakati uliotabiriwa ukafika, ukapita. Nyota imekaa palepale. Nikaendelea kurekodi dakika kumi nyingine, macho hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta, kisha nikazima.

Mratibu wetu akapiga simu.

"Umepata?"

"Haikuzimika."

Akanyamaza kidogo. "Na saa yako una uhakika nayo?"

"GPS imeandika muda kwenye kila picha."

"Basi usifute hata picha moja."

Watatu kati yetu walikuwa wamefunikwa na mawingu. Wawili wa kusini walipata: mmoja sekunde 9, mwingine sekunde 11. Nilifurahi kwa ajili yao, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa na uzito kifuani.

Wiki kadhaa baadaye mratibu alinitumia mchoro. Mistari miwili peke yake inakubali maumbo mengi: duara, yai, yai refu lililolala upande. Mengi ya hayo yalifika kaskazini hadi kwenye mstari wangu, na mstari wangu ulikuwa mzima, haukukatika popote. Akayafuta yote. Lililobaki lilikuwa yai moja jembamba na nduguze wachache wanaofanana nalo, ukingo wake ukiwa chini ya kilomita 20 kutoka pale nilipokuwa nikipepea kadibodi.

Kwenye jedwali, mbele ya kituo changu, ameandika neno moja: hasi. Safu ile niliisoma mara tatu.